Tuhesabu Fumbwa Iliyoshika, Si Ile Iliyogawiwa



Mara hii sitaandika juu ya muhogo wala mchele. Nataka tuzungumze juu ya fumbwa, na nitaanza na kosa ambalo mimi mwenyewe nilishiriki. Kama agronomu anawaambia wengine ukweli juu ya mashamba yao, ni haki aseme ukweli juu ya kazi yake pia.

Misimu miwili iliyopita, proje moja ambayo nilikuwa nafanya kazi ndani yake ilileta miche 300 ya fumbwa kwa kooperative ya wamama, upande wa barabara ya Buta, si mbali sana na Kisangani. Gari ilifika mwezi wa kwanza, wakati mvua imepungua. Miche ilikuwa imepita siku mbili njiani, mifuko imelaliana, udongo umepasuka. Tuliishusha saa sita mchana. Wamama walipanda siku ile ile, kwenye uwanja ambao walikuwa wameulima vizuri, wazi kabisa, bila mti hata mmoja. Tulipiga picha. Mimi njo nilijaza karatasi: « Miche iliyopandwa: 300. » Nilitia sahihi, nikarudi mjini.

Baada ya miezi mitatu nilipita pale na pikipiki kwa kazi nyingine. Mama mmoja mzee akanisimamisha, akaniambia: « Agronomu, mwanangu, ile fumbwa yenye mulituletea, karibu yote ilikufa. Sisi tulifanya kosa gani? »

Tukaenda kuhesabu pamoja, mstari kwa mstari. Tulipata 41 ambayo ilikuwa ingali na uhai. Kitu ambacho kiliniumiza si ile 259 iliyokauka. Ni lile swali lake. Yule mama alikuwa anafikiri kosa ni lao. Alichimba mashimo, alichota maji kwa ndoo kutoka kijito, halafu akabaki na aibu ambayo haikuwa yake. Na kule ofisini, karatasi yangu ilikuwa ingali inasema 300.

Njo maana ya maoni yangu ya leo. Kazi ya kuhamisha mche haiishi siku unapoingia shimoni. Siku ile njo inaanza. Na mradi wowote unaohesabu miche iliyogawiwa, bila kurudi kuhesabu miche iliyoshika, haujasaidia mkulima. Umejisaidia wenyewe kuandika ripoti.

Kwa nini fumbwa

Wengine watauliza: kwa nini tusumbuke na mmea wa msituni? Wazee wengi waliniambia hivyo: « Fumbwa haipandwe. Fumbwa iko ya Mungu. » Ninawaelewa. Wakati wao, mama alitoka nyuma ya nyumba, akarudi na fungu kabla maji ya chungu hayajachemka. Leo katika vijiji vingi wanatembea nusu ya siku. Sababu ni wazi. Watu hawakati tena matawi tu. Wanavuta kamba nzima mpaka mzizi unatoka, au wanaangusha mti wote ambao fumbwa imeupanda ili wafikie majani ya juu. Tena msitu unakatwa kwa mashamba na kwa makala, na fumbwa haipendi mahali palipo jua tupu.

Soko lakini halikupungua. Fumbwa inaliwa Kisangani, inaliwa Kinshasa, na ndugu zetu walioko Ubelgiji na Ufaransa wanaitafuta. Majani yake ni magumu, yanavumilia safari kuliko sombe au lengalenga. Ikikatwa nyembamba, ikapikwa na karanga ya kusaga, mawese na samaki wa moshi, hakuna mtu anayeuliza nyama iko wapi. Kwa mama asiye na kakao wala kahawa yake, fungu la fumbwa ni daftari la mtoto na ni dawa ya malaria. Tukiipoteza, hatupotezi mboga tu.

Na kupandwa, inapandwa. Ndugu zetu wa Kameruni, ambao wanaiita eru au okok, walianza kuifanyia kazi hiyo katika miaka ya 1990, kwenye bustani ya mimea ya Limbe, na wakulima wengi waliifuata. Kwa hiyo tusiseme haiwezekani. Tuseme tu kwamba ina masharti yake, na sisi hatukuyaheshimu.

Jani la kijani linadanganya

Ukihamisha mche wowote, unaukata kidogo na maisha yake. Mizizi midogo kabisa, ile mieupe kama uzi, njo inakunywa maji. Hiyo njo inakatika kwanza udongo ukipasuka. Majani yanaendelea kutoa jasho, lakini chini hakuna anayeleta maji. Kama ni lengalenga, utaona saa ile ile: inalegea, inalala. Inakuomba maji.

Fumbwa haiombi. Jani lake ni nene, kama la kahawa, na linabaki kijani siku nyingi hata kama mzizi umekwisha kufa. Ukija baada ya wiki moja utasema: « Iko muzuri. » Kumbe unaangalia maiti iliyovaa nguo nzuri. Njo pale karatasi yangu ilidanganya bila mimi kujua. Nilihesabu kijani, sikuhesabu uhai.

Alama ya fumbwa iliyoshika ni chipukizi jipya. Na usifurahi haraka hata ukiliona, kwa maana mche unaweza kutoa chipukizi moja kwa akiba iliyokuwa ndani ya shina lake. Ngojea majani mapya yatoke, yale yanayotazamana mawili mawili, yawe magumu, halafu yatoke mengine juu yake. Ukiona hivyo, ujue mizizi imeingia kwenye udongo wako. Sasa unaweza kuandika: umeshika.

Namna ya kuupokea mche

Nitaeleza kwa ufupi kile tulichofanya msimu uliofuata na wale wale wamama, bila gari na bila picha.

*Kupata miche.* Mbegu ya fumbwa inakawia sana kuota, inaweza kupita miezi mingi mpaka mwaka. Kwa hiyo tulitumia buture, yaani vipande vya kamba yenyewe. Kipande kinatoka katikati ya kamba, si kwenye ncha laini wala kwenye shina la zamani sana. Kinabaki na jani, lakini jani unalikata nusu ili lisitoe jasho nyingi. Tulitengeneza sanduku la mbao, ndani tukaweka plastiki, kisha mawe, mchanga, na juu yake unga wa mbao uliooza vizuri. Chini kuna maji kidogo, juu kuna kifuniko cha plastiki, na sanduku lote liko kwenye kivuli. Mara nyingi mizizi inataka wiki sita au zaidi. Chukueni buture kwenye kamba nyingi mbalimbali, kwa maana fumbwa ina dume na jike. Mukichukua kwa mama mmoja tu, hamutapata mbegu hata siku moja.

*Kuzoesha.* Mche uliokulia ndani ya sanduku lenye unyevu ni kama mtoto ambaye hajawahi kutoka nyumbani. Usimtupe barabarani. Tulifungua plastiki kidogo kidogo, siku kwa siku, halafu tukahamisha miche ndani ya sashe za udongo mweusi, chini ya kivuli cha makuti. Wiki mbili za mwisho tulipunguza maji na kufungua kivuli kiasi.

*Majira.* Kwetu, upande wa Kisangani, mvua nyingi zinakuja kuanzia mwezi wa tisa mpaka wa kumi na moja, na tena kuanzia mwezi wa tatu kuelekea wa tano. Pandeni mvua ikiwa imekwisha kuzoea, si siku ya mvua ya kwanza. Mwezi wa kumi na mbili mpaka wa pili, acheni. Kama gari inafika mwezi wa kwanza, kooperative ina haki ya kusema: wekeni miche kwenye pepinyeri, tutapanda sisi wakati wetu.

*Mahali.* Chini ya miti, nusu kivuli. Kakao, mingazi, safu, au kichaka cha zamani ambacho munakisafisha chini lakini munaacha miti yake. Uwanja mtupu, hapana. Mahali maji yanalala, hapana. Na karibu na kila mche kuwe na mti mdogo ulio hai, au fito ngumu, ili kamba ipande. Fumbwa isiyo na pa kupanda inatambaa chini na kuchoka.

*Shimo na udongo.* Shimo la sentimita 30 kwa 30 linatosha. Udongo mweusi wa juu uwekeni pembeni, muuchanganye na majani yaliyooza. Kisha kuna kitu kimoja ambacho wengi hawakijui: mizizi ya fumbwa inaishi pamoja na aina ya uyoga, nyuzi ndogo ndogo za chini ya ardhi zinazoisaidia kupata chakula. Kwa hiyo nendeni mahali ambapo fumbwa ya porini inaota vizuri, muchukue udongo kidogo wa chini yake, mikono miwili tu, bila kuumiza mizizi, na muweke ndani ya kila shimo gao dogo. Ni kama kumpa mgeni chakula cha kwao.

*Siku ya kupanda.* Mwagieni sashe jana yake, udongo ushikamane. Pandeni saa kumi ya jioni, au siku ya mawingu. Pasueni sashe kwa wembe, chini na ubavuni. Kamwe usivute mche kwa shina. Kama mzizi umejizungusha chini ya sashe, kata kile kipande kilichojipinda. Weka mche urefu ule ule uliokuwa nao ndani ya sashe. Ukizika shina, litaoza. Kandamiza kwa mikono, si kwa mguu. Mwagia. Kisha simika kuti upande wa magharibi, kwa maana jua la alasiri njo linaua. Tandika majani makavu kuzunguka, lakini yasiguse shina.

*Wiki za kwanza.* Hakuna mbolea ya dukani. Mzizi uliojeruhiwa hauhitaji chumvi, unahitaji maji na utulivu. Mvua ikikosa siku nne au tano, mwagia. Ondoa majani mabaya kwa mkono, usipige jembe karibu. Funga mbuzi, au zungushia miiba. Na mwaka wa kwanza usivune. Najua ni vigumu, chungu kinaita. Lakini majani yale machache njo jiko la mche. Ukiyachuma, umemnyang'anya mtoto sahani.

*Kuvuna.* Kata kwa kisu, acha shina na majani ya chini, nalo litatoa machipukizi mengine. Anayevuta kamba anakula mara moja. Anayekata anakula miaka.

Tulipata nini

Msimu ule hatukupanda 300. Tulipanda 120, kwa sababu sanduku letu lilikuwa dogo na buture zingine zilioza. Baada ya miezi sita tulirudi kuhesabu, mimi na yule mama mzee, na safari hii kila mwanachama alisimama karibu na yake. Ilikuwa 97 iliyoshika. Sisemi kwamba ni hesabu ya kitabu, kijiji kimoja si nchi nzima. Lakini ninauliza: kati ya karatasi ya 300 na karatasi ya 97, ni ipi inayolisha watoto?

Najua jibu la ofisi, kwa maana mimi pia ninakaa ofisini. Wanaotoa franga wanataka hesabu kubwa, na wanaitaka kabla mwaka wa mradi haujaisha. Miezi sita baada ya kupanda, mara nyingi mradi umekwisha kufungwa, pikipiki imerudishwa, agronomu ametumwa mahali pengine. Hakuna mtu mbaya hapo. Lakini kazi imepangwa vibaya: pesa yote inawekwa kabla ya shimo, baada ya shimo hakuna kitu. Sehemu ile ambayo mche unaishi au unafariki, hakuna anayeilipia.

Na sisi wakulima tusijifiche. Kitu cha bure tunakipokea na mikono miwili, hata kama tunaona wazi kwamba hakitaishi. Wamama wale walijua kwamba fumbwa haipendi jua, waliijua tangu utoto. Nilimuuliza yule mama kwa nini hakusema. Akacheka kidogo: « Mwanangu, mulikuja na gari na makaratasi. Tulifikiri yenu iko fumbwa ingine. » Neno hilo sijalisahau. Tulifika na elimu ya kwetu, tukafunga mdomo wa elimu yao.

Ninachoomba

Kwa kooperative zetu, na kwa shirika hili linalochapisha gazeti letu, ninaomba mambo manne.

La kwanza: tuache kuandika « miche iliyopandwa » peke yake. Tuongeze mstari mmoja chini yake: « miche iliyoshika baada ya miezi sita. » Kama mstari huo uko mtupu, kazi haijaisha.

La pili: pepinyeri iwe kijijini. Pesa ya kukodi gari siku mbili inatosha kununua mbao, plastiki na sashe, na kuwalipa wamama wawili wanaotunza. Mche unaotembea dakika kumi juu ya kichwa cha mama unafika mzima kuliko mche uliotoka mjini.

La tatu: kila mradi uache fungu la pesa na siku za agronomu kwa ajili ya baada ya kupanda. Hata ziara tatu tu: wiki ya pili, mwezi wa pili, mwezi wa sita.

La nne ni gumu kuliko yote, lakini halikwepeki: udongo. Lengalenga ni ya wiki chache, hakuna anayegombana nayo. Fumbwa inakaa miaka, na kwetu mmea wa miaka ni kama alama ya mwenye shamba. Nimeona mwanamume anamwambia mke wa marehemu ndugu yake ang'oe alichopanda, kwa sababu « ardhi si yake. » Mama akijua hivyo, hawezi kupanda kwa moyo. Kwa hiyo, kabla ya kuchimba shimo la kwanza, kooperative ikae na chifu na wenye shamba, waandikishane: nani anapanda, nani anavuna, kwa miaka mingapi. Karatasi hiyo ni sehemu ya kupanda, sawasawa na maji. Mche hauwezi kushika mahali ambapo mwenye kuupanda mwenyewe hajashika.

Wandugu, mimi nilisoma agronomia miaka mitano. Nilifundishwa majina ya mimea kwa Kilatini, nami ninashukuru. Lakini somo la kuhesabu nililipata kwa mama mmoja kwenye barabara ya Buta, ambaye hakuniuliza nimepanda mingapi. Aliuliza kwa nini ilikufa.

Msimu wa mvua unaokuja, kabla hamjapokea mche wowote, wa fumbwa, wa kakao au wa safu, muulizeni yule anayeuleta swali moja tu: « Utarudi lini kuhesabu? » Kama hana jibu, mupokee kwa adabu, lakini mujipangie siku yenu wenyewe ya kuhesabu. Na hesabu yenu mutuletee hapa gazetini, hata kama ni ndogo. Ile ndogo ya kweli njo tunaweza kujengea juu yake.